Tamka Kwanza, Mkono Utafuata

Ahsanteni. Kaeni, kaeni. Tabla, hizo ngoma za Kihindi za kupiga kwa vidole, ziacheni hapo zilipo, bado hazijafikiwa.

Najua kuna anayenung'unika: nimekuja kujifunza ngoma, mwalimu ananipa maneno. Lakini huko India kwenyewe boli ndizo zinazotangulia, yaani matamshi ya ngoma: dha, dhin, tin, na. Mwanafunzi huzitamka huku akipiga makofi mpaka zikae kinywani, ndipo aoneshwe kidole kinagusa wapi. Mchezaji wa kathaki, dansi ya kaskazini mwa India, naye husimama jukwaani akatamka utungo mzima, kisha akaucheza. Kusini, kwenye ngoma ya mridangamu, utamkaji huo ni sanaa kamili yenye jina lake, konakoli. Kwa hiyo msiniambie haya ni mambo ya watoto. Nanyi wa taarabu mliokaa nyuma, mnaoijua tabla kwa mkono, maneno haya yanawahusu zaidi.

Binti mmoja, mchezaji hodari, alinijia machozi yakimtoka. Tihai yake haifiki. Tihai mnaijua: kifungu kimoja mara tatu, na pigo la mwisho liangukie samu, matra ya kwanza ya mzunguko; matra ni kipimo kimoja cha hesabu ya mdundo. Yeye kila akimaliza, mguu umeshatua, njuga zimenyamaza, na samu bado haijaja. Mpiga tabla anamlaumu yeye, yeye anamlaumu mpiga tabla. Nikawaambia wote wawili, mikono magotini, nihesabieni. Walikuwa wametunga tihai ya matra 16, kwa sababu eti tintali, mzunguko waliokuwa wakiuchezea, ina matra 16.

Hapo ndipo wanapopotea wengi! Unatoka kwenye samu, unakwenda kwenye samu. Samu unayoiendea haimo ndani ya zile 16. Iko mlangoni mwa mzunguko unaofuata, nayo ni ya 17. Chukueni "tete kata gadi gena dha". Silabi mbili kwa kila matra, dha ikae peke yake: matra 5. Nyamaza matra 1. Sasa mara tatu: 5, 1, 5, 1, 5. Jumlisheni. Ngapi? 17! Mkitaka kukiondoa kile kimya zinabaki 15, basi acheni matra 2 zipite, muanzie ya 3. Kwenye japtali, mzunguko wa matra 10, mnatafuta 11: 3, 1, 3, 1, 3. Semeni kwa sauti, msiandike! Karatasi haina pumzi.

Yule binti na mwenzake waliitamka mara nne, wakasikia wenyewe. Hawakubadilisha hata silabi moja. Walianza matra moja baadaye, kwenye ya 2, na mguu na ngoma vikatua pamoja.

Kuna atakayesema hesabu hizi ni za Wahindi, sisi Waswahili hatuna. Hatuna? Mshororo wa shairi una mizani 16, ukwapi 8 na utao 8. Tintali nayo ina 16, na kwenye ya 9 inaingia khali: mkono haupigi kofi, unapunga hewani, na baada ya hapo besi ya mkono wa kushoto inanyamaza, dhin inakuwa tin. Khali maana yake tupu, neno la Kiarabu, lile lile la jangwa la Rub al-Khali. Mtaniambia mizani ni silabi, matra ni muda. Sawa, sibishi. Lakini sikio lililolelewa na kituo baada ya nane haliwezi kuwa geni kwenye tintali.

Kutunga kwa ajili ya wachezaji nilikuwa na mengi, ila muda unanikimbia. Nishikieni hili moja: kile kimya cha matra 1 katikati ya tihai si mapumziko ya mpiga tabla, ni mali ya mchezaji. Hapo ndipo anapousimamisha mwili ukaonekana. Msikijaze! Kila ninapokwenda nakuta kijana wa vidole vyepesi amekijaza, na mchezaji anatweta.

Rupaki, ule mzunguko wa matra 7 unaoanza na khali yenyewe, tutauacha. Unataka siku yake.

Haya, viganja juu. Makofi kwenye 1, 5 na 13, kwenye 9 punga. Binti wa mbele, tuanzishie: tete kata...