Val Thorens au Morzine? Kalenda kwanza, ramani baadaye

RUKIA: Karibuni tena kipindini. Leo swali ni moja: familia ya watu wanne, wanatoka Mombasa, hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa ski, zile mbao za kuteleza kwenye theluji. Wana wiki moja, shule zikifungwa Aprili, na wamebaki na majina mawili mkononi, yote ya Ufaransa: Val Thorens na Morzine. Kaka Omari, waende wapi?

OMARI: Aprili? Val Thorens. Wangesema Januari ningewapeleka Morzine bila kufikiri mara mbili.

RUKIA: Mbona haraka hivyo! Wasikilizaji watasema umelipwa.

OMARI: Ni mwinuko tu, dada. Kijiji cha Morzine kiko kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Val Thorens iko 2,300, hakuna kituo cha ski Ulaya kilichojengwa juu zaidi. Tofauti ni mita 1,300. Kila ukipanda mita 100, joto hushuka kama nyuzi 0.6 hivi. Piga hesabu.

RUKIA: Kama nyuzi 8.

OMARI: Basi siku ambayo Morzine kuna nyuzi 4 na mvua inanyesha, Val Thorens ni 4 chini ya sifuri na inaanguka theluji. Wingu ni hilohilo. Mwanzoni mwa Aprili kule chini mteremko wa kurudi kijijini unaweza kuwa matope na majani, unashuka kwa gondola, kile kibanda kinachoning'inia kwenye kebo, ski zikiwa begani. Ukitaka theluji ya uhakika inabidi upande Avoriaz, kituo kilicho juu ya Morzine, mita 1,800, kila asubuhi.

RUKIA: Kupanda kwenyewe si kazi. Unachukua basi hadi Prodains, chini ya Avoriaz, gondola inakufikisha juu kwa dakika chache. Lakini na watoto wawili, buti, ski na fimbo, hiyo safari kila siku, kwenda na kurudi, inachosha. Sasa niitetee Morzine kidogo. Kutoka uwanja wa ndege wa Geneva ni kama saa moja na robo hadi moja na nusu kwa gari. Val Thorens ni saa mbili na nusu hadi tatu, hapo barabara ikiwa wazi. Jumamosi si wazi.

OMARI: Jumamosi ndiyo siku ya kubadilishana wageni, nyumba nyingi hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Magari yote yanabanana barabara ya Albertville kwenda Moûtiers. Afadhali treni hadi Moûtiers, halafu basi, kilomita 37 za kona.

RUKIA: Na anayekodi gari aulize matairi. Tangu 2021, kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31, maeneo mengi ya milima Ufaransa sheria inataka matairi ya baridi au minyororo ya matairi ndani ya gari. Gari la kukodi Geneva usidhani linayo, andikiwa kwenye mkataba. Na Aprili, hata kama sheria imekwisha muda, Val Thorens theluji haisomi kalenda.

OMARI: Jambo la pili la Morzine, miti. Watu hudhani ni mapambo, kumbe kwenye wingu ndiyo inayokuonyesha ardhi iko wapi. Val Thorens yote iko juu ya mstari wa miti, mwinuko ambao ukiupita miti haioti. Wingu likishuka, ardhi nyeupe, mbingu nyeupe, hujui kama unateremka au umesimama. Mgeni anaweza kutapika.

RUKIA: Afanye nini hapo?

OMARI: Afuate nguzo za pembeni mwa njia ya ski. Ufaransa nguzo za mkono wa kulia, ukiwa unashuka, zina kichwa kirefu cha rangi ya chungwa. Na zina namba zinazopungua hadi 1 chini kabisa. Ukiona 7, kisha 6, umo njiani. Ukimpigia simu mwokoaji, mtajie jina la njia na namba ya nguzo, usimwambie "niko karibu na lifti", maana vyombo vya kupandisha watu mlimani ni vingi.

RUKIA: Na kichwa kuuma usiku wa kwanza?

OMARI: Wa Iten hawatasikia kitu, wako kwenye mwinuko karibu uleule. Wa Mombasa wanatoka sifuri. Maji mengi, siku ya kwanza wasijikaze.

RUKIA: Tuje kwenye pasi ya lifti, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Mabango yanasema kilomita 600 za njia za ski. Les 3 Vallées, eneo lenye Val Thorens, 600; Portes du Soleil, lenye Morzine, nayo inakaribia hapohapo. Mwanagenzi wa wiki moja atatumia kilomita ngapi?

OMARI: Kumi, kwa kuzirudia. Anunue pasi ndogo: Val Thorens na Orelle peke yake, au Morzine na Les Gets peke yake. Na aulize kwanza dirishani kama kuna pasi ya wanaoanza.

RUKIA: Aprili pia kuna suala la saa. Usiku theluji iliyoyeyuka inaganda, kwa hiyo saa tatu asubuhi ni sakafu ya marumaru. Saa nne na nusu imelainika, tamu. Saa nane ni uji, ski inazama, goti linapinda. Darasa la watoto lianze saa nne ikiwezekana.

OMARI: Na buti! Likizo nyingi hufia hapo. Namba ya buti ni sentimita za unyayo, mguu wa sentimita 27 ni buti 27. Ukisimama wima kidole gumba kiguse mbele. Ukikunja magoti, kisigino kirudi nyuma na kidole kiachie. Soksi moja tu, nyembamba, hadi gotini. Suruali ya ndani isiingie kwenye buti, mkunjo mmoja unachubua muundi kufikia mchana.

RUKIA: Na watu hudanganya uzito dukani.

OMARI: Wasidanganye! Fundi anakaza kifungio, kile kinachoshika buti kwenye ski, kwa uzito, urefu, umri na uwezo wako. Kikikazwa kupita kiasi, ukianguka ski haiachii, linalosokoteka ni goti. Kikilegea, kinafunguka kwenye kila tuta.

RUKIA: Viza: ombi liende Ufaransa hata kama ndege inatua Uswisi, kwa sababu ndiko watakakolala. Bima ya viza ni euro 30,000 angalau, ila nyingi hazigusi ajali za ski. Na Ufaransa kushushwa mlimani kwa machela unalipia. Soma kipengele cha michezo ya theluji kabla ya kulipa.

OMARI: Mwisho, miwani. Ya kioo cheusi ni ya jua. Kwa mawingu, kioo cha njano au waridi, kinaonyesha matuta. Morzine ungeweza kubeba moja ukakimbilia kwenye miti. Val Thorens bebeni zote mbili, wingu linaingia saa sita mchana bila hodi.