Gharama ya Kujenga Gamba

Ndugu wasikilizaji, kabla ya yote naomba lile jaribio la kutumbukiza chaki katika siki liondolewe mezani. Kila nialikwapo kuzungumzia ongezeko la tindikali baharini, mtu mwenye nia njema huwa amekwisha kuliandaa, na hadhira huondoka ikiamini kwamba bahari inayatafuna magamba ya viumbe wadogo kama siki inavyotafuna chaki. Sivyo. Maji ya juu ya bahari yalikuwa na pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali inapozidi) ya 8.2 hivi kabla ya viwanda kuenea, na sasa yana takriban 8.1; karibu kote, maji hayo bado hayawezi kuyeyusha gamba la kalsaiti, aina ya chokaa. Madhara huanza mapema zaidi, gamba lingali linajengwa.

Najua yupo anayejisemea kwamba tofauti ya 0.1 si kitu. Kipimo cha pH huenda kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha: hatua moja nzima ni mara 10, na hiyo sehemu yake moja ya kumi ni ongezeko la asilimia 26 hivi la ioni za haidrojeni, chembe ziletazo tindikali. Ioni hizo, zitokanazo na hewa ukaa iliyoyeyuka majini, huidaka kaboneti, mojawapo ya viungo vya chokaa, na kuigeuza baikaboneti.

Sasa mtazameni kokolitofori, mwani wa seli moja ambaye hutengeneza vibamba vya chokaa ndani ya seli yake, kisha akavitoa nje na kujivika. Yeye hutumia zaidi baikaboneti, ambayo haipungui bali inaongezeka, na hapo ndipo wabishi wangu, wasemao hakuna madhara, hushangilia. Wasubiri kwanza. Kila kalisi inapoungana na baikaboneti kuwa chokaa, ioni ya haidrojeni husalia ndani, na isipotolewa seli nzima huchachuka; nako kuitoa ni kugumu zaidi kadiri haidrojeni inavyozidi nje. Foraminifera, kiumbe mwingine wa seli moja mwenye gamba la chokaa, ambaye si mwani, hufuata njia nyingine lakini deni lake ni lilelile: hufungia maji ya bahari ndani yake, kisha huisukuma haidrojeni nje hadi pH ya mahali pa ujenzi ikaribie 9. Wote wawili ni kama baharia akumbaye maji ya ngama katika chombo ambacho kingo zake zinaongezwa kimo kila siku. Hajazama, ila kila ndoo inamgharimu zaidi, na nguvu inayoishia kwenye ndoo haipatikani tena kwa kukua wala kuzaana.

Ndiyo maana sistaajabu majaribio yanapopingana. Lililochapishwa mwaka 2000 lilionyesha vibamba vya Emiliania huxleyi, spishi ya kokolitofori, vikipungua na kuharibika umbo; la mwaka 2008, kwa spishi hiyohiyo, lilionyesha kila seli ikiwa na chokaa zaidi. Wanaolishabikia hili la pili husahau kutaja kwamba seli hizo zilikuwa zikikua polepole. Mizani ya chokaa peke yake haituonyeshi matumizi ya nguvu.

Kuhusu joto, ambalo bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya ziada yake, huambiwa kwamba ndilo dawa yenyewe, kwa kuwa maji ya moto hushika hewa ukaa kidogo na kalsaiti huyeyuka humo kwa shida. Kwa mawe, hoja hiyo ni sahihi. Kiumbe hai ana kikomo cha joto, na foraminifera wa maji ya tropiki wanaofuga mwilini mwani wa kuwalisha humpoteza joto likizidi, wakabaki weupe na wenye njaa. Zaidi ya hayo, maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye virutubisho, kwa hiyo gharama hupanda huku chakula kikipungua.

Naona naonyeshwa saa. Basi niseme upesi kwamba mwaka 2020 foraminifera waliokusanywa na meli ya utafiti ya Uingereza, HMS Challenger, iliyosafiri kati ya 1872 na 1876, walilinganishwa na wa siku hizi kutoka bahari ya Pasifiki, na magamba ya leo yakaonekana kuwa membamba zaidi, mengine kwa hadi asilimia 76. Kama ni joto au ni tindikali, magamba yenyewe hayakutenganisha. Teropodi, konokono wadogo waeleao baharini, ambao gamba lao la aragonaiti, aina nyingine ya chokaa, huyeyuka upesi kuliko kalsaiti, wanahitaji mhadhara wao; na hao, nakiri, wenye siki wanaweza kuwatumia.