Mti Unaoutaka Moto

Wazee shikamooni, vijana hamjambo. Nimeombwa nizungumzie moto na misitu, na najua wengi mmekuja mkitarajia nianze na hasara. Leo naanza na nyasi.

Nikikupeleka kwenye uwanda wa mchanga kusini mwa jimbo la Georgia, Marekani, nikakuambia tafuta mche wa msonobari wenye miaka mitano, utaukanyaga huku unautafuta. Hauna shina. Ni kishungi cha majani marefu kilichokaa ardhini, hukitofautishi na nyasi za jirani. Ninyi mliokulia Mufindi mnaujua mche wa paini: mwaka wa tatu umeshakupita kimo. Huu msonobari wa majani marefu, ambao wanasayansi wanauita Pinus palustris, umekaa tu. Miaka miwili, mitano, mingine kumi na zaidi.

Haukukaa bure. Unashusha mzizi mkuu mchangani na kuweka akiba huko chini. Katikati ya kishungi kuna chipukizi moja lililovikwa magamba meupe yenye mng'ao wa fedha, na uhai wote wa juu umo humo. Moto ukipita, majani mabichi yanaungua kuanzia nchani, na kabla joto halijafika katikati, moto wenyewe umeshakwenda zake. Baada ya wiki chache mche umevaa majani mapya. Tena umepona ugonjwa, maana kuna kuvu wa madoa ya kahawia anayeishambulia sana miche hii ikiwa bado chini, na moto humchoma pamoja na majani aliyoyakalia.

Wanaoujua mninga wataniambia hili si geni, na ni kweli. Mche wa mninga katika miombo hukauka juu kila kiangazi, miaka mingi, huku mzizi ukinenepa. Tofauti ni kwamba mninga hupoteza kijiti chote na kuanza upya, ila msonobari huu hulinda lile chipukizi lake moja. Hesabu ni ileile, akiba ya chini kwanza.

Kisha siku inafika. Shingo ya mzizi ikishafikia unene wa inchi moja hivi, mti unafyatuka. Unapanda wima bila tawi, kama brashi ya kuoshea chupa, na unaweza kupata mita moja kwa mwaka. Haraka hiyo ina maana yake. Sasa chipukizi limenyanyuka hadi penye ndimi za moto, na gome bado jembamba. Ukishavuka mita mbili au tatu, hatari inapungua. Mti mkubwa una gome nene la magamba, tabaka juu ya tabaka.

Lakini msikilize hapa, maana ndipo watu wengi wanapouelewa mti huu nusu. Hauvumilii moto tu, unautengeneza. Majani yake hukaa matatumatatu, yanafika sentimita 45, na yamejaa utomvu. Yakidondoka hayalali chini. Yananing'inia juu ya nyasi ngumu nyembamba kama waya, hewa inapita katikati, yanakauka upesi baada ya mvua. Radi ikipiga, moto unatambaa chini kwa chini, unasonga haraka, na kwa kawaida haupandi vileleni. Zamani ulipita kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, mwingine wa radi, mwingine wa kuwashwa na wenyeji wa asili wa nchi ile. Ukikosekana, mialoni na vichaka vinajaa, nyasi zinakosa jua, na mbegu za msonobari, ambazo zinataka kugusa udongo mtupu, zinaangukia takataka.

Misitu hii ilienea ekari zipatazo milioni 90, kutoka Virginia hadi Texas. Watu waligema utomvu wa kutengeneza tapentaini na kuchoma lami ya meli, kisha wakaja wakata magogo kati ya 1880 na 1930. Nguruwe walioachwa huru walifukua na kula mizizi ya miche. Baadaye serikali ikatangaza kwamba moto wote ni adui. Mwishoni mwa karne ya 20 ilikuwa imebaki asilimia 3 hivi. Baadhi ya vipande vizuri vilivyosalia vimo katika viwanja vya mazoezi ya jeshi, kama Eglin kule Florida, kwa kuwa mabomu yalikuwa yanawasha moto kila mara. Jeshi likawa bwana misitu bila kukusudia!

Sasa tuseme umeshawishika, unataka kurudisha moto mahali ambapo haujaonekana miaka sitini. Ukiwasha ovyo utaua wazee wote wa msitu, yaani miti mikongwe. Miaka hiyo yote majani na magome yamerundikana kuzunguka shina, yakawa mboji nene, na mti umepandisha vijizizi vyake humo kufuata maji. Moto wa nyasi ungepita hapo kwa dakika chache. Mboji haiwaki kwa ndimi. Inafuka polepole, saa nyingi, hata siku, ikipika mizizi na shingo ya mti. Ukitazama juu, majani ni ya kijani. Watu wanapiga picha, wanapongezana, wanarudi nyumbani. Mwaka unaofuata, au wa pili, mti unakauka.

Kwa hiyo wanachoma mboji ikiwa bado na maji, tabaka la juu tu, wanarudi tena baada ya muda, na tena. Mara nyingi moto wenyewe wanauwasha uende kinyume cha upepo ili utembee taratibu. Katika hifadhi ya Weymouth Woods, North Carolina, kuna msonobari wa aina hii ulioota 1548. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, 1593, ulikuwa na miaka 45. Penye wazee wa namna hiyo, kabla ya kuwasha, utakuta watu wazima wameinama na reki, wanafagia chini ya kila shina kama wanaofagia uwanja wa nyumba yenye harusi.

Haya, nasikiliza maswali.