Notari wa mtandaoni Marekani: kazi ya laptop isiyovuka mpaka

Haya wapendwa, shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Niko Texas kama kawaida, na leo sizunguki, maana swali ni moja na linakuja kila siku: dada, hiyo kazi yako ya unotari, ya kugonga mihuri kwenye laptop, naweza kuifanya nikiwa huku Dar? Mwingine yuko Arusha, mwingine kaniandikia kutoka Muscat, anasema ameona tangazo, kazi ya mtandaoni, malipo kwa dola, kinachotakiwa ni laptop na intaneti.

Huwezi. Na kama aliyekwambia unaweza amekutaka ulipie kozi kwanza, huyo ni pacha wa yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtapigwa. Sasa kaeni niwaeleze, kwa sababu kazi yenyewe ipo, ni halali, naifanya, na kuna upande wake unawahusu nyinyi mlioko nyumbani kuliko mnavyodhani.

Kwetu ukiwa na karatasi inayotaka muhuri unakwenda kwa wakili. Bongo wakili ndiye kamishna wa viapo, ndiye notari, yote yamo kwenye sheria moja, Sura ya 12. Kenya wamekaza zaidi, lazima uwe wakili na uwe umefanya kazi ya uwakili miaka 5. Kwa hiyo mtu akisikia fulani kawa notari Marekani, mtaani wanasema mtoto wa mama fulani amekuwa mwanasheria. Hapana jamani. Notari wa hapa ni raia wa kawaida ambaye jimbo limempa mamlaka ya kushuhudia saini. Yupo anayeuza magari, yupo karani wa benki, yupo mama wa nyumbani. Anahakikisha kwamba aliyesaini ndiye mwenye jina lile, anajua anachosaini, na hakuna aliyemshikia fimbo. Anachukua viapo pia. Ushauri wa sheria haruhusiwi kutoa hata nusu sentensi.

Hapo ndipo watu wetu wanaumizwa. Walatino hapa wana kilio cha miaka, kwa sababu kwao notari ni mwanasheria mkubwa kabisa, basi tapeli anachukua ule muhuri mdogo wa Marekani, anaandika mlangoni notario publico, anaanza kujaza fomu za uhamiaji za watu na kula hela zao. Texas imepiga marufuku kujitangaza kwa maneno hayo, na notari asiye wakili akijitangaza anatakiwa aseme wazi kwamba si wakili na hawezi kutoa ushauri wa sheria. Na sisi Waafrika Mashariki tunao wa kwetu. Mtu ana muhuri, anajulikana kanisani au msikitini, basi kila mwenye shida ya karatasi za uhamiaji anapelekwa kwake. Ukiona notari anakuchagulia fomu ya kujaza, ondoka.

Uraia je? Hili wengi hawalijui. Zamani Texas ilitaka notari awe raia wa Marekani. Akatokea bwana mmoja anaitwa Bernal, mzaliwa wa Mexico, mkazi halali, alikuwa akifanya kazi kwenye shirika la msaada wa sheria linalosaidia vibarua wa mashambani. Alitaka kuwa notari ili awaapishe vibarua wale kwenye maelezo yao. Wakamkatalia, sababu si raia. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1984 majaji 8 dhidi ya 1 wakasema sharti hilo linavunja Katiba. Kwa hiyo mliopata green card kwa bahati nasibu mkahamia huku, mlango uko wazi, na aliyeufungua ni mhamiaji mwenzenu.

Haya, unakuwaje? Nasema ya Texas, maana kila jimbo lina yake. Uwe na miaka 18, uwe mkazi wa Texas, usiwe na hatia ya kosa kubwa la jinai. Ada ya maombi ni dola 21. Unaweka dhamana ya dola 10,000, na hapa msishtuke, hutoi wewe dola elfu kumi, unalipa kampuni ya dhamana kiasi kidogo. Ila sikieni vizuri: ile dhamana si bima yako. Ukimharibia mtu, kampuni inamlipa yeye, halafu inageuka kukudai wewe. Bima ya kujikinga mwenyewe unanunua pembeni. Mwaka 2025 wakapitisha sheria inayotaka na mafunzo pia. Uteuzi ni wa miaka 4.

Ukishakuwa notari wa kawaida ndipo unaomba kuwa notari wa mtandaoni, yaani wa kushuhudia saini kwa video, dola 50 nyingine. Huwezi kuruka ngazi. Unatafuta muhuri wa kielektroniki na cheti cha kidijitali, ambacho kazi yake ni hii: nikishamaliza hati, mtu akienda kubadilisha hata herufi moja, faili lenyewe linaonyesha kwamba limeguswa. Virginia ndio waliotangulia, sheria yao ilianza kutumika Julai 2012, watu wakawacheka. Texas ikafuata, ikaanza Julai 2018. Halafu ikaja korona, hakuna anayetaka kukaa chumba kimoja na mtu, majimbo yakaanza kukimbizana. New York rasmi ni Januari 2023. California, pamoja na teknolojia yao yote, wamepitisha sheria mwaka huohuo wa 2023 na wamejipa mpaka 2030 kuikamilisha.

Sasa turudi kwa ndugu yangu wa Muscat. Kwa nini hawezi? Kwa sababu mamlaka yangu ni ya Texas. Wakati nafanya kazi hii lazima mwili wangu uwe ndani ya Texas. Anayesaini anaweza kuwa Ohio, anaweza kuwa Mwanza, hilo sawa, lakini mimi sitoki. Nikija Bongo likizo na laptop yangu ileile, programu ileile, nikakaa Kigamboni nikagonga muhuri, nimevunja sheria. Kazi ya mtandaoni, lakini imefungwa kamba kwenye ardhi ya jimbo. Yule wa kwenye tangazo hakukwambia hilo, maana angekwambia usingelipa.

Na hata huyo anayesaini, usidhani ni mteremko. Akiingia kwenye programu anaonyesha kitambulisho, mashine inakikagua mbele na nyuma. Halafu yanakuja maswali. Matano, dakika mbili, na lazima upate manne. Maswali yenyewe hayakuulizi jina la babu yako. Yanachimbwa kwenye kumbukumbu za Marekani: kati ya mitaa hii, uliwahi kuishi upi? Mwaka ule ulisajili gari gani? Mkopo ule uliuchukua kwa nani? Sasa mchukue mzee wetu aliyekuja juzi kukaa na wanawe, hana mkopo, hana gari, nyumba ni ya mwanawe. Mashine haimjui. Mchukue Mkongomani aliyetoka kambi ya wakimbizi Nyarugusu akaletwa hapa, bado mgeni. Ana karatasi zote halali, uso wake ni huohuo wa kwenye kitambulisho, nazungumza naye Kiswahili tunaelewana vizuri kabisa, na mashine inasema hafai. Hawa nawaambia njooni uso kwa uso, kalamu na karatasi, tumalize. Watu wanauza teknolojia hii kama ya kila mtu. Kwa mhamiaji mpya mara nyingi bado ni mlango uliofungwa, na mimi ninayekula kupitia mlango huo ndiye ninayewaambia.

Akipita maswali, tunaonana kwenye video. Kila kitu kinarekodiwa, picha na sauti, na rekodi natunza kwa miaka. New York, kwa mfano, wanataka 10. Ninamwomba ageuze uso, apitishe mkono mbele ya macho, maana siku hizi uso wa bandia unatengenezwa na kompyuta. Ninasikiliza sauti za pembeni. Nikisikia mtu nyuma ya kamera anamwambia bibi "sema ndiyo, sema ndiyo", nasimamisha. Ninauliza peke yangu, kwa utaratibu: bibi, hii karatasi inasema nini? Akisema hajui, leo hatusaini. Mjukuu akasirike, anitukane, anipe nyota moja. Ukweli ni kwamba kugonga muhuri hata mashine inaweza. Ninacholipwa ni kukataa.

Tena ndugu na marafiki ndio wabaya zaidi. "Dada, mke wangu yuko kazini, mimi nimeshamsainia, wewe gonga tu." Kwetu tumezoea, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anakujua toka mtoto, unamfuata na barua anakupigia muhuri mnapiga soga. Huku hiyo ni jinai. Florida imeandika kabisa kwenye sheria kwamba notari hashuhudii saini ya mume, mke, mzazi wala mtoto wake. Mimi niko Texas lakini ndugu zangu wote nawapeleka kwa notari mwingine, na wananiona nina maringo.

Hela sasa, najua mnaisubiri. Texas saini ya kwanza ni hadi dola 10, na kwa mtandaoni unaruhusiwa kuongeza hadi 25. Hapo toa gharama ya programu. Au uko chini ya kampuni kubwa, zile kama Proof ambayo zamani iliitwa Notarize, wao wanaleta wateja, nawe unapata fungu lako. Kwenye hati za mikopo ya nyumba ndipo palikuwa na hela nzuri. Mwaka 2021 riba ilizunguka asilimia 3, kila mtu anabadilisha mkopo, manotari wananunua magari. Oktoba 2023 riba ikakaribia asilimia 8, simu zikanyamaza. Kwa hiyo mlioko huku, ifanyeni pamoja na kazi nyingine. Usiache shifti yako ya hospitali kwa ajili ya muhuri.

Na upande wa nyumbani. Mtu yuko Dallas, anataka kumpa kaka yake Dodoma mamlaka ya kuuza kiwanja, anakuja kwangu tufanye hati ya uwakilishi kwa video, dakika kumi tumemaliza. Nafanya? Mara nyingi namrudisha. Ninachotoa mimi ni faili, na uthabiti wake uko ndani ya faili. Ukiliprinti, kile cheti cha kidijitali hakipo tena, kinabaki kivuli cha muhuri. Sasa kaka anapeleka kivuli kwa Msajili wa Hati. Kwa karatasi ya kwenda Tanzania njia inayozoeleka ni notari kwa wino, halafu Katibu wa Jimbo pale Austin anathibitisha kwamba notari ni wa kweli, halafu Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, Washington, halafu ubalozi wetu hukohuko Washington. Warundi na Wanyarwanda wana nafuu, nchi zao zimeingia kwenye mkataba wa apostille, yaani cheti kimoja cha uthibitisho kinachokubalika kwenye nchi zilizomo, Burundi tangu 2015, Rwanda tangu Juni 2024, hivyo kwao hatua ya ubalozi inaondoka.

Kwa hiyo wewe uliyeko Dodoma, kabla ndugu yako hajalipa chochote huku, nenda kwa wakili au ofisi ya ardhi inayokuhusu, uliza wanataka nini hasa: wino au faili, muhuri wa ubalozi au hapana, maneno gani yawemo kwenye hati. Waombe wakuandikie, usirudi na "walisema". Kisha mtumie aliyeko huku. Nimeona hati imezunguka miezi, imelipiwa kila dirisha, inafika inakataliwa kwa sababu jina la kati halifanani na la NIDA.

Mwenye swali aandike chini jimbo analoishi na aina ya hati, nitajibu ninaloruhusiwa kujibu, maana kumbukeni mimi si wakili. Na tafadhali, nawaomba sana, msiniwekee picha za pasipoti kwenye komenti. Nazifuta, lakini kabla sijafuta kuna mtu ameshazipiga skrini.