Kupanga Watu na Siku za Kupogoa Miti ya Barabarani, Dodoma

Ndugu mtazamaji, karibu. Leo tunapanga kazi ya kupogoa miarobaini 180 ya kando ya barabara, nayo sharti iishe kabla ya Desemba, kwa sababu hapa Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu na upepo wa mvua za kwanza huangusha matawi yaliyoachwa. Kuhesabu miti hakuna ugumu: pita mtaa kwa mtaa na daftari.

Tazama ubao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, nami nazigawa kwa siku tano, saa tisa kila siku. Hizo si saa za kukata. Toa saa moja ya kunoa minyororo ya chenso na kukagua kamba, toa saa tatu za lori kwenda dampo mara mbili, zinabaki tano. Mwarobaini mkubwa hutuchukua saa moja na nusu, kwa hiyo ni mitatu kwa siku, na yote ni siku 60, yaani wiki kumi na mbili kuanzia Septemba mosi.

Subiri, kamera imeonyesha safu ya umeme pale ubaoni iko tupu. Miti iliyo chini ya nyaya haiguswi mpaka TANESCO wazime laini, basi omba tarehe hiyo kwanza.

Sasa naomba utulie. Kikosi ni mpandaji, mshika kamba, wapakiaji wawili na mwongoza magari. Kila mmoja ana siku 28 za likizo kwa mwaka, kwa hiyo panga watu sita, si watano. Mwaka mmoja nilipanga watano; mshika kamba alipokwenda likizo nikamweka mwongoza magari mahali pake, tawi likashukia barabarani na kumpiga abiria wa bodaboda begani. Shati lake lililopasuka ninaliona hadi leo. Usimhamishe mwongoza magari. Narudia, usimhamishe, hata kama miti imebaki miwili: wakipungua watano, wote wabaki yadi wakinoa minyororo.

Huyo wa sita mfundishe kamba mapema: aizungushe shinani mara mbili, aishike kwa mikono yote miwili, na macho yake yasimwache mpandaji.