Anza na Breki: Matairi na Rimu za Baridi kwa Gari la Spoti

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Mezani hapa nina vipande viwili vya mpira, vimekatwa kwenye matairi yaliyokwisha kazi. Vimelala kwenye friza usiku kucha, nimekuja navyo kwenye boksi la barafu. Hiki cha kwanza ni cha tairi la majira ya joto, lile ambalo gari la spoti hutoka nalo kiwandani. Nakibonyeza kwa ukucha: hola. Nakigonga mezani, mmesikia? Utadhani kisigino cha kiatu cha zamani. Hiki cha pili ni cha tairi la baridi. Kimetoka friza ileile, lakini ukucha unazama. Pokezaneni, ila fanyeni haraka, maana vikipata joto vitafanana na mtasema nimewazuga.

Nimeanza na ukucha makusudi. Mnunuzi wa tairi la baridi huinama kwanza kuangalia kashata, yale mabonge ya mpira yanayokanyaga barabara, aone kama zimekaa kibabe. Kashata zina kazi yake, lakini mpira ndio unaotangulia. Mpira wa tairi la joto huanza kukakamaa hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Namba hiyo msiishike kama amri. Kwenye nyuzi 8 hakuna malaika, wala kwenye 6 hakuna shetani. Ulaini hupotea kidogo kidogo, na kadiri tairi lilivyopikwa kwa ajili ya joto na mwendo mkali, ndivyo linavyoteseka zaidi. Kwa hiyo mwenye gari la spoti ana shida kubwa kuliko jirani yake mwenye gari la kwenda sokoni. Yale matairi ya kushika lami kama gundi, ndugu wa karibu wa matairi ya mashindano, baadhi ya watengenezaji wanaonya kwa maandishi kwamba gari lisisogezwe kabisa baridi ikifika nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi, kwa sababu kashata zinaweza kupasuka. Hata kuligeuza ndani ya gereji, hapana.

Kashata sasa. Kila bonge la tairi la baridi limechanjwa mikato myembamba, kama ya wembe. Bonge likikandamizwa barabarani mikato hufunguka, kingo zake zinauma, halafu zinabeba theluji. Tena tunataka ziibebe. Mwangalieni mtoto anayefinyanga donge la theluji: theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na kitu kingine. Tairi lililojaza theluji kwenye mikato yake linaikamata ile iliyo chini. Wafini walilijua hili mapema. Kampuni ambayo leo inaitwa Nokian Tyres ilitoa tairi la baridi la malori mwaka 1934, na la magari madogo mwaka 1936, wakati madereva wengi duniani walikuwa bado wanafunga minyororo na kumwomba Mungu.

Ubavuni mwa tairi tafuteni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Huo unapatikana kwa tairi kufaulu jaribio kwenye theluji. Herufi M+S peke yake ni kauli ya mtengenezaji tu kwamba kashata zimekatwa kwa matope na theluji, hakuna aliyempima. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, tairi lenye M+S bila mlima halihesabiki tena kuwa la baridi. Mkiwa palepale ubavuni someni tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwandani iliyochapwa kwenye mpira. Zikiwa 3523, tairi limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023. Muuzaji wa matairi yaliyotumika atawaambia “kama mapya”. Tarakimu hizo hazina adabu hiyo.

Kuna koo mbili. Ukoo wa kaskazini, wa Finland na Sweden, una mpira laini sana kwa ajili ya barafu, na mengine yana misumari, ambayo nchi kadhaa zimeipiga marufuku. Ukoo wa pili tuuite wa Alps, ile milima ya Ulaya: mpira mgumu kidogo, umetengenezwa kwa barabara zinazosafishwa theluji, zenye maji, chumvi na lami baridi kwa siku nyingi kuliko zenye theluji. Kwa gari la spoti mimi nachagua wa Alps, isipokuwa kwa anayeishi mahali ambapo barabara ni barafu tupu miezi mitatu. Tairi la kaskazini kwenye gari lenye usukani mwepesi wa kuitika linakufanya uhisi umevaa soksi juu ya kiatu: unakata kona, gari linafikiri kwanza, ndipo linafuata.

Sasa ukubwa, ambao ndio ulionileta. Kila mwaka napata swali lilelile: “Fundi, nina inchi 20, niweke tairi gani la baridi la inchi 20?” Najibu kwa swali: rimu ndogo kabisa inayopita juu ya breki zako ni ya inchi ngapi? Mtu hushtuka, kama aliyeulizwa umri. Lakini mlango wa kuingilia ni huo. Sura ya rimu huwa tunaitazama kwa nje. Inayoamua ni ile nafasi ya ndani, inapokaa kalipa, kile chuma kinachobana diski ya breki.

Kwa nini ndogo? Chukueni penseli. Tuseme kitabu cha gari kimeandika 245/35R19. Upana ni milimita 245, kimo cha ubavu ni asilimia 35 ya upana huo, yaani 85.75, na rimu ni inchi 19. Kimo mara mbili ni 171.5; inchi 19 ni milimita 482.6, jumla, kipenyo cha tairi zima ni 654.1. Tushuke hadi inchi 17 kwa 225/50R17. Kimo ni 112.5, mara mbili 225, rimu 431.8, jumla 656.8. Tofauti haifiki milimita 3. Spidomita haitaona kitu, lakini kila upande umepata karibu milimita 27 za ubavu wa ziada, mpira na upepo katikati ya rimu na shimo lililofunikwa na theluji ambalo hukuliona. Kwenye baridi mashimo hayatangazi. Rimu ya inchi 20 yenye ubavu mwembamba ikilipiga, unasikia kwenye meno.

Halafu tairi jembamba linakata. Uzito uleule wa gari ukikaa juu ya upana mdogo, tairi linaizamia theluji na kuisukuma pembeni rojo, ile theluji iliyochanganyika na maji, badala ya kuelea juu yake. Nikiri: kwenye lami kavu, baridi na safi, tairi pana bado litashinda, na kwenye barafu tupu wembamba hausaidii sana. Hasara hiyo naikubali. Siku ya lami kavu nitafika nikiwa nimechelewa dakika moja. Siku ya rojo ndiyo inayonitia hofu.

Wengine wanaogopa kwamba tairi jembamba halibebi uzito. Angalieni namba iliyo baada ya ukubwa. 93 maana yake kilo 650 kwa tairi moja, 94 ni kilo 670. Lile 245/35R19 kwa kawaida lina 93, na 225/50R17 lina 94 au zaidi, kwa sababu lina chumba kikubwa cha upepo. Msishuke chini ya namba ya kitabu, basi. Herufi inayofuata ni ya spidi: H ni kilomita 210 kwa saa, V 240, W 270, Y 300. Nchi kadhaa za Ulaya zinaruhusu tairi la baridi liwe na herufi ya chini kuliko uwezo wa gari, mradi kibandiko cha kikomo kiwe mbele ya macho ya dereva. Mimi V inanitosha. Anayetaka 270 juu ya theluji anahitaji mazungumzo ya aina nyingine. (Kicheko.)

Sio kila gari linakubali mchezo huu. Mwenye Mazda MX-5 ya kizazi cha nne ana raha: inatoka kiwandani na inchi 16 au 17, ndogo ipo tayari, ila mwenye breki kubwa za hiari apime kwanza. Mwenye Porsche 911 Carrera ya kizazi cha 992 ana mkeka mwingine: mbele 235/40 inchi 19, nyuma 295/35 inchi 20. Pigeni hesabu mtaona tairi la nyuma lina kipenyo kinachozidi la mbele kwa karibu milimita 44. Gari limezaliwa hivyo, na kompyuta ya breki inajua hivyo. Ukisawazisha magurudumu yote manne ili uokoe hela, utaichanganya. Na kwa magari yanayovuta magurudumu yote, mzunguko wa mbele na nyuma ukitofautiana kuliko ulivyopangwa, kiunganishi cha katikati kinafanya kazi bila kupumzika mpaka kinaungua. Hapo fuateni kitabu, hata kama namba zake hazipendezi.

Rimu ina vipimo vingine vinne: upana, idadi na mzunguko wa matundu ya boliti, tundu la katikati, na ofuseti, iliyoandikwa ET. Ofuseti ni umbali kutoka mstari wa katikati ya rimu hadi pale inapokaa kwenye habu, kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa. Ukitoka ET45 kwenda ET35 kwa upana uleule, gurudumu zima limetoka nje milimita 10, na madigadi itakukumbusha kwenye tuta la kwanza.

Niwape kisa changu. Nilinunua rimu za inchi 17 zilizotumika. Matundu sawa, ofuseti sawa, na kalipa ilipita ikibakiza milimita nne hivi. Niliupima mwanya huo kwa kipande cha udongo wa kuchezea watoto. Nikapeleka kwa mtu afunge matairi na kubalansi. Siku ya kwanza barabarani nasikia kriii, kriii, kila mzunguko. Nikadhani beringi. Nimefungua gurudumu, nakuta vile vyuma vya kubalansi vya kubandika vimewekwa kwa ndani, sawia kabisa na kalipa, na vimelambwa mpaka vinang'aa. Fundi hakukosea kubalansi. Mimi sikumwambia nina mwanya mdogo kiasi gani. Siku hizi naweka alama ya chaki ndani ya rimu: hapa usibandike.

Kuhusu upepo, kwa ufupi: ukijaza gereji ikiwa nyuzi 20 kisha ukatoka nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, umepoteza karibu bar 0.3 za presha bila kutoboka. Pimeni tairi likiwa la baridi, nje. Boliti zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Rimu zenye uso uliokatwa na kung'arishwa ziwekeni kabatini mpaka joto lirudi. Chumvi ya barabarani ikipata mkwaruzo mmoja, inatambaa chini ya vanishi na hakuna wa kuirudisha.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, kijana wangu. Anauliza: gari lake linavutwa na magurudumu ya nyuma, je, anunue matairi mawili tu ya baridi, aweke nyuma?

Gari litaondoka vizuri, hilo nakuhakikishia. Shida ni kwamba kazi kubwa ya kusimamisha gari inafanywa na magurudumu ya mbele, na kukata kona ni kazi yao pia. Nililijaribu hilo mwenyewe nikiwa na umri wako, kwa bahati nzuri kwenye uwanja mtupu wa maegesho, kilomita 30 kwa saa. Nikakanyaga breki, nikakata usukani kushoto mpaka mwisho. Magurudumu ya mbele yaligeuka kushoto, nayaona kabisa, na gari likaenda mbele taratibu, moja kwa moja, mpaka ndani ya lundo la theluji lililoachwa na katapila. Nilitokea mlango wa abiria.