Kurejesha Nguvu ya Pikapu katika Gitaa la Stili la Zamani

ZUHURA: Leo tunalizungumzia gitaa la stili la zamani, yaani gitaa la umeme linalopigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, ambalo sauti yake imefifia, kiasi kwamba hata kirekebishi cha sauti kikifunguliwa hadi mwisho, amplifaya hutoa mnong'ono tu. Fundi Daudi, wengi wakifika hapo hutaka koili isukwe upya, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa ndani ya pikapu, kile kifaa chenye sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi. Kwa nini wewe huwazuia?

DAUDI: Huwazuia, dada Zuhura, kwa sababu koili ya asili ikishafumuliwa hairudi tena. Idadi ya mizunguko, unene wa waya na namna ulivyokazwa wakati wa kusukwa ndivyo vinavyolipa gitaa hilo sauti yake, na mara nyingi koili haina kosa lolote. Unganisha kwanza ncha za koili moja kwa moja na tundu la kuchomekea waya wa amplifaya, bila kupitia kirekebishi wala kapasita ya toni. Sauti ikirudi, badilisha vipuri hivyo na kazi imekwisha.

ZUHURA: Na isiporudi?

DAUDI: Pima ukinzani wa koili kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), koili ikiwa imetengwa na vipuri vingine. Ukinzani ukiwa hauna kikomo, waya umekatika. Jihadhari hapa, maana koili iliyokatika si lazima inyamaze kabisa. Huweza kutoa sauti hafifu, nyembamba na isiyo na besi, na mtu akadhani sumaku ndiyo iliyochoka. Chunguza kwa lenzi mahali waya wa koili ulipolehemiwa kwenye waya mnene wa kutokea, kwa kuwa kutu ya kijani hupenda kuanzia hapo, na waya wenye unene wa milimita 0.06 hivi hauhitaji kutu nyingi ili ukatike. Mkatiko ukiwa hapo, koili huokolewa kwa lehemu kidogo tu.

ZUHURA: Kipimo kikiwa chini kuliko inavyotarajiwa?

DAUDI: Huenda baadhi ya mizunguko imegusana. Lakini usihukumu kwa tofauti ndogo, kwa sababu ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi.

ZUHURA: Tuseme koili ni nzima na sauti bado ni dhaifu.

DAUDI: Basi tuitazame sumaku. Magitaa ya umeme ya Rickenbacker ya miaka ya 1930, yenye pikapu ya George Beauchamp iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1937, yana sumaku mbili zenye umbo la kiatu cha farasi, nazo nyuzi hupita ndani yake. Sumaku hizo ni za chuma kigumu cha enzi hizo, ambacho hupoteza usumaku kwa urahisi kuliko alniko, yaani aloi za alumini, nikeli na kobalti zilizokuja kuenea baadaye. Ipo njia nyepesi ya kuhakiki: piga uzi mmoja huku ukisogeza sumaku nyingine karibu na pikapu, kisha uigeuze upande wa pili. Sauti ikinenepa waziwazi upande mmoja, umeshampata mgonjwa.

ZUHURA: Je, dawa yake ni kuinunulia sumaku mpya?

DAUDI: Hapana, nami nalisisitiza sana jambo hili. Sumaku ileile huweza kuchajiwa tena kwa sumaku mbili za neodimiamu, aina ya kisasa yenye nguvu sana. Kabla ya kufungua skrubu yoyote, tambua kwa dira ncha ya kaskazini na ya kusini ya kila sumaku, kisha uziandike. Ukishaitoa, ziba pengo lake kwa kipande cha chuma laini, kwa kuwa sumaku ya zamani ikiachwa wazi huzidi kudhoofika. Wakati wa kuchaji, kaskazini ya neodimiamu iguse kusini ya sumaku ya zamani, na kusini iguse kaskazini. Neodimiamu hizo huvutana kwa nguvu ya kuvunja vidole, kwa hiyo zishikilie kwa jiliwa la mbao au vipande vya mbao, si kwa mkono mtupu.

ZUHURA: Na wakati wa kurudisha?

DAUDI: Ncha za juu za sumaku zote mbili ziwe za aina moja, ingawa zitasukumana unapozifunga. Ukizipishanisha, zitadhoofishana, nawe utarudi kwenye mnong'ono uleule. Baada ya hapo funga nyuzi za chuma au za nikeli. Nyuzi zilizozungushiwa shaba nyeusi (bronzi) huitikia kwa unyonge mbele ya sumaku, hata ikiwa imechajiwa vizuri namna gani.